Dereva wa Wafu Wetu

Yule dereva alimbeba baba yangu hadi makaburini bila kudai kitu. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu Kikula kila mtu angeanza na hilo, na nikiliacha nyuma watasema nalificha.

Ilikuwa miaka ya tisini, mji wetu wa migodi wa Likasi ulipokuwa unakufa kidogo kidogo na mishahara imekuwa hadithi. Zamani mfanyakazi akifariki, kampuni ya mgodi ilileta gari, sanduku, na unga wa matanga. Baadaye ikaleta sanduku tu. Mwishowe haikuleta kitu, na watu waliendelea kufa vilevile, tena kwa wingi zaidi.

Jumuiya yetu ya Kikatoliki ilibaki na msaada mmoja. Mfanyabiashara wa unga na mafuta ya mawese, aliyesali nasi, alikuwa na lori kuukuu, na siku lilipokuwa halina safari alitupatia tubebee maiti. Dereva wake alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, aliyewahi kuendesha magari makubwa ya mgodini. Alipenda kucheka, aliimba vizuri, alikuja hata siku zake za kupumzika, na aliingia matangani kusalimia wafiwa mmoja mmoja kabla ya kuwasha gari. Kwa hayo yote alikuwa mtu mwema. Ila aliendesha kama anayefukuza mwizi, huku nyuma kuna sanduku na akina mama ishirini na zaidi wamesimama.

Njia ya makaburi ilikuwa na mteremko mrefu, na chini yake reli inakatiza barabara. Pale juu aliondoa gia na kuliachilia lori lishuke lenyewe. Alisema anaokoa mafuta. Akina mama walipiga kelele, naye aliimba kwa sauti kubwa kuliko kelele zao.

Mama yangu alikuwa nyuma ya lori hilo kila maziko. Ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye sanduku, mkono mmoja umeshika kishikio chake, kwa sababu alisema maiti asiachwe peke yake njiani. Kaka zangu walikuwa wamekwenda Zambia na hawakuandika. Mume sikuwa naye. Nilikuwa na mama, basi, na sikutaka afie mle ndani.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, watu waliniita madame, na nilikuwa katibu wa jumuiya. Ukatibu sikuuomba. Aliyekuwa nao kabla yangu alifukuzwa pamoja na wenzake wenye asili ya mkoa mwingine, mwaka ule wa kufukuzana kwa kabila. Nilimkuta stesheni, amelala juu ya magodoro na watoto wake akingojea treni, akaniwekea daftari mkononi. Sitasema mengi juu ya mwaka ule. Nitasema tu kwamba baada yake kitu fulani ndani yetu kilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Kati ya waliokwisha kufa na waliokwisha kufukuzwa, nani alibaki na nguvu ya kuhofia maisha ya mtu ambaye bado ni mzima?

Katika ukurasa wa mwisho wa daftari lile nikaanza kuandika makosa ya dereva. Msimu mmoja wa mvua ulijaza mambo matatu. Kwanza dereva alimgonga muuza makaa na baiskeli yake. Makaa yakatapakaa, mtu akainuka amechubuka mkono, nasi tukacheka. Pili, alibomoa ukuta wa nyumba ya pembeni, mahali ambapo mwanamke alikuwa anaosha vyungu, naye ndiyo kwanza alikuwa ameingia ndani kuchukua maji. Tatu, alivuka reli mbele ya treni. Siku hiyo, tulipokwisha kupita, alipiga breki kwa ghafla, mama akagonga uso kwenye sanduku na meno mawili yakavunjika. Darasani nilikuwa nafundisha watoto kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikuwa wanaikariri methali hiyo kwa sauti moja, vizuri sana.

Nilimwendea mwenyewe kwanza, kwa heshima.

"Papa, ile mteremko, shuka na gia. Bamama banaogopa."

Akacheka. "Madame, minye niko na miaka makumi mbili mu kazi ya camion. Weye fundisha batoto, minye niendeshe."

Nikaenda kwa polisi wa barabara, ambao kwetu huitwa roulage. Askari alikuwa amekaa kwenye kiti bila meza, maana meza ilikuwa imeondoka na wenye kuondoka nayo.

"Kuko muntu alikufa?" akaniuliza.

"Hapana. Lakini atakufa."

"Kuko mwenye alivunjika?"

"Mama yangu. Meno mbili."

"Meno ya muzee, madame! Ile ilikuwa inatoka tu." Akaniangalia kwa huruma, naamini ilikuwa huruma kweli. "Siku kutakuwa maiti, urudie. Ile siku njo tutaandika."

Mwenye lori alinijibu karibu maneno hayohayo, ila alinipa kiti na chai. Nikageukia jumuiya, nikaomba watu watie sahihi barua. Hakuna aliyetia. Nani atatubebea wafu, waliuliza. Mmoja akaniambia usoni kwamba asante ya punda ni mateke, na wote walijua anasema juu ya baba. Nilikasirika. Lakini ilikuwa kweli kwamba dereva alimbeba.

Hata mama alikuwa upande wa dereva.

"Alizika baba yako," aliniambia. "Sasa weye unamutafutia nini?"

"Na kama anakuua, mama?"

"Basi sitakawia. Gari iko tayari inaenda kulekule."

Akacheka na pengo lake jipya. Hasira ikanitoka, nami nikacheka pia, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kupumua.

Halafu akafa katekista wetu mzee, aliyefundisha nusu ya mtaa kabla ya ubatizo. Lori lilijaa kuliko siku zote. Juu ya mteremko dereva akaondoa gia kama kawaida yake. Chini, juu ya reli, lori la chokaa kutoka machimbo ya Kakontwe lilikuwa limezimika. Alipoliona alikuwa amechelewa. Akakata kulia, gurudumu likapanda ukingo, lori likalala upande mmoja kama mtu anayetaka kuketi, ubao wa kando ukafunguka, na sanduku likatoka.

Mama hakuachia kishikio. Nilikuwa mlemle nyuma, upande wa pili, nikaona anaburutwa hadi ukingoni, kichwa na mabega tayari viko nje. Mwanamke mmoja akamkamata kitenge kiunoni. Kishikio kikang'oka, mama akabaki nacho mkononi, na lori likarudi chini kwenye magurudumu yake yote. Hayo yote hayakuzidi muda wa kusema Amina.

Sanduku lilianguka barabarani na kifuniko kikafunguka. Mzee alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja nje, koti lake la Jumapili limejaa vumbi jekundu. Kisha kikaanza kilio ambacho sikuwahi kukisikia, hata mwaka wa kufukuzana. Wanaume walijishika vichwa. Watu walimzunguka mzee, wakampangusa, wakamwomba radhi.

Mama alikuwa ameketi ndani ya lori, goti limepasuka, damu inashuka hadi kiatuni. Tuliolitazama goti lile ni mimi tu na yule mwanamke aliyemkamata kitenge. Hapo ndipo nilipotuelewa sisi wenyewe. Mzima akikaribia kufa, tunasema Mungu amesaidia, tunaendelea. Lakini maiti kuangushwa njiani, hilo lilikuwa jambo la kutafutia mkosaji.

Kesho yake niliandika barua upya. Sikumtaja muuza makaa, wala ukuta, wala treni, wala meno, wala goti. Niliandika juu ya sanduku tu, na koti, na vumbi. Nilijua ninachofanya. Kabla ya saa sita kurasa mbili zilijaa sahihi, na wasiojua kuandika walikuja kutia dole. Yule wa asante ya punda alitia wa kwanza.

Mwenye lori alisoma barua amesimama. Mfanyabiashara anaweza kuishi na polisi, na hata na deni, lakini si na mfu aliyekosewa. Akamwita dereva mbele yetu, akanyoosha mkono, na dereva akaweka ufunguo ndani ya mkono ule. Hakuonekana kuelewa. Alitazama nyuso zetu moja moja, kama alivyofanya matangani.

"Munanifukuza ju ya maiti?" akauliza. "Nani aliandika?"

"Ni minye, papa," nikasema.

"Nilibeba baba yako."

"Ndiyo."

Nilidhani nitaona furaha, au angalau nitaona nimetua mzigo, lakini nilisikia njaa tu, nikarudi nyumbani kupika bukari, ugali wetu.

Mwenye lori hakutupatia tena gari lake. Alisema limekwisha kupata mkosi wa wafu, akalipeleka Kambove na dereva mwingine likabebe mifuko ya wachimbaji. Hilo sikulitazamia. Ningelijua, ningeandika vilevile, lakini ningeandika nikijua.

Msimu uliofuata tulibeba wafu wetu kwa mikokoteni, na watoto wadogo kwa baiskeli. Watu walirudi kutoka makaburini miguu imevimba, wakipita mlangoni kwangu. Hawakunitukana. Waliuliza tu, kana kwamba wanaulizana wao kwa wao, "Kwani yule papa alikuwa alishaua nani?" Aliyeuawa unaweza kumwonyesha, ana kaburi, ana msalaba na mjane. Aliyepona utamwonyesha wapi? Hata yeye mwenyewe hajui kama amepona. Muuza makaa alipita kila asubuhi na baiskeli yake, naye pia aliacha kunisalimia, sijui kwa nini.

Dereva alikwenda kuponda mawe Kakontwe. Mke wake alianza kuuza mihogo mbele ya nyumba, na binti yao, aliyekuwa darasani kwangu, aliacha kuja shule. Nilikwenda kumwomba arudi. Mama yake alinipa kiti, akanisikiliza, akasema watafikiri. Binti hakurudi. Hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo, tena mahali ambapo mengine mengi hayaumi.

Mama alifariki wakati wa baridi. Presha ilipanda, dawa haikuwako, akalala siku mbili, na ya tatu asubuhi akaomba uji, akanywa vijiko viwili, akageukia ukuta. Sikulia. Nilimvalisha na nikatandika mikeka kwa ajili ya wageni, na nilipoona mikeka mitatu imebaki tupu nikaikunja tena.

Mkokoteni tuliuazima kwa muuza mikate. Watu hawakuzidi kumi na watano. Wanaume wanne walisukuma, nami nilitembea kando, mkono kwenye sanduku, maana maiti asiachwe peke yake njiani. Juani saa sita tukafika juu ya mteremko. Mkokoteni uliobeba sanduku hautaki kusukumwa pale, unataka kuzuiwa, na wale wanne walikuwa wamechoka. Tuliposhuka hatua chache magurudumu yakaanza kuwazidi nguvu. Mtu mmoja akatoka nyuma yetu, akashika upau wa nyuma, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote.

Alikuwa yeye, dereva. Mikono yake ilikuwa nyeupe kwa chokaa hadi viwikoni, na lazima alikuwa ametoka moja kwa moja kazini. Alikaza visigino ardhini na kumshusha mama hatua kwa hatua, meno yameumana, hadi relini.

Relini tulipumzika. Alijifuta uso, chokaa ikampaka paji. Akaniambia bila kunitazama, kwa sauti ya chini, wala hakuwa na hasira:

"Madame, minye sikuua muntu."

"Ndiyo, papa," nikamwambia. "Haukuua muntu. Mama alikufa mu kitanda yake, hapana mu camion."

Kisha akainama, akashika upau, na tukavuka reli.