Pijo la Baba na Jeneza Tupu

Pijo la baba tulilisikia kabla ya kuliona. Asubuhi za Juni pale Mdandu ukungu hushuka hadi kwenye mabua ya mahindi, na mtu akiwa hatua chache mbele yako humwoni, unasikia kikohozi chake tu. Ndivyo gari lile lilivyotujia kila siku: kwanza mngurumo mzito, kisha chuma kikigonga chuma chini ya sakafu, kisha harufu ya petroli iliyochanganyika na moshi wa kuni za miti ya miwati, na mwisho kabisa taa mbili za manjano. Lilikuwa Pijo stesheni wagoni la zamani, gia yake ikiwa kwenye usukani, viti vyake vimepasuka na kushonwa na mama kwa uzi wa magunia. Baba alibeba watu na viazi kati ya Mdandu na Makambako, na abiria hawakuacha kumtania.

"Baba Lusiano, gari lako linakohoa kuliko bibi yangu!"

"Bibi yako hafiki Makambako. Panda au tembea."

Msimu huo mimi nilikuwa darasa la tatu, na kaka yangu Lusiano, aliyekuwa akipasua mbao, alikuwa amelazwa hospitali Makambako kwa ugonjwa wa mapafu. Simu kijijini zilikuwa za kutafuta, kwa hiyo habari zake zilikuja na Pijo. Mama alijifunza kuusikiliza mlio wake kama wengine wanavyosikiliza redio. Kabla baba hajazima injini, mama alikuwa ameshafika kwenye dirisha la gari, mikono imejaa udongo. "Anaendeleaje?" Baba angejibu kwamba kaka amekunywa uji, au amelala vizuri, na mama angerudi shambani bila kuuliza la pili. Ukitaka kujua hofu iliishi wapi nyumbani kwetu, iliishi ndani ya mlio wa gari lile.

Ndipo walipokuja watu wa filamu. Walikuwa wakitengeneza picha kutokana na riwaya moja ya safari: mwana anaubeba mwili wa baba yake ndani ya gari bovu, kutoka pwani hadi nyanda za juu, kwenda kumzika kwao. Walihitaji gari la zamani linalotembea na mtu wa kuliendesha, maana mwigizaji wao hakuiweza gia ile ya kwenye usukani. Wakamvalisha baba kofia na koti la mwigizaji. Baba alituambia wangepiga picha Makambako, upande wa Mahongole, na kwamba baadaye angepita hospitali. Kuhusu jeneza hakusema neno. Kwetu, kwenye nyumba yenye mgonjwa jeneza halitajwi, hata kwa mzaha. Kulitaja ni kama kumpimia mgonjwa. Baba alinyamaza kwa sababu alimpenda mwanawe.

Huko Makambako siku hiyo kulikuwa na jua, na mwongozaji alitaka ukungu. Wakapanda hadi kwetu kuutafuta. Mimi na mama tulikuwa tukichimba viazi kando ya barabara tulipousikia mngurumo. Mama aliinua kichwa.

"Mbona linakuja taratibu hivi?"

Baba hakuwahi kwenda taratibu mahali pale. Aliogopa kilima kingemshinda. Mbele ilitokea pikapu iliyofunikwa turubai, ambayo sisi tulidhani ni ya waombolezaji, kumbe chini ya turubai kulikuwa na kamera. Nyuma yake likaja Pijo, taa zinawaka mchana, kitambaa chekundu kimefungwa kwenye kioo cha pembeni, mlango wa nyuma umefungwa kamba kwa sababu ncha ya jeneza ilikuwa imetokeza nje. Wanaume waliokuwa barabarani walivua kofia. Wanawake waliketi chini palepale, kama tufanyavyo msiba unapopita. Mama hakuketi. Jembe lilimtoka mkononi, akakimbia, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia tena kwa kiumbe chochote. Haikuwa na maneno. Alijitupa kwenye tope mbele ya Pijo, baba akakanyaga breki, akashuka na kofia ya watu kichwani.

"Mama Lusiano, siyo yeye! Lusiano yupo! Jeneza tupu hili, njoo uone, tupu!"

Akakata kamba, akafunua kifuniko. Mama alitazama ndani. Aliziona mbao nyeupe, akapapasa kwa mikono yenye udongo hadi kwenye kona, na bado akalia. Kilio kilikuwa kimeshatoka, hakikuwa na njia ya kurudi. Juu ya pikapu nilimsikia mwongozaji akimwambia mwenye kamera kwa sauti ya chini, "Usizime. Usizime."

Kaka alifariki kabla hatujamaliza kuvuna mahindi. Safari hii Pijo lilikuja kweli, likiwa na kitambaa kilekile cha watu wa filamu, kwa kuwa baba hakuwa na kingine. Nyumba ikajaa. Wanawake walilia, mimi nililia, baba alilia ameegemea boneti. Mama aliketi mkekani, macho makavu. Siku ya pili minong'ono ikaanza jikoni: mama gani huyu asiyemlilia mwanawe, ana nini moyoni, anajua nini sisi tusichokijua? Kijijini kwetu minong'ono ya namna hiyo ina mwisho mbaya: mtu huishia kuitwa mchawi. Shangazi akamwinamia.

"Lia, wifi. Watu wanakuangalia."

"Nilishalia," mama akasema.

Filamu ilifika kwenye banda la video la Makambako watu walipokuwa wakipanda mahindi tena. Mama alitaka kuiona. Tulikaa kwenye benchi la mwisho. Pijo lilipotokea kwenye ukungu, watu walishangilia, "Gari la Baba Lusiano hilo!" Kisha mama alitokea, mkubwa kuliko ukuta, akilia. Maneno ya baba walikuwa wameyafuta na kuweka kinanda. Watu bandani wakafuta machozi kwa ajili ya maiti ambaye hakuwepo. Mama alitazama uso wake mwenyewe ukimlilia kaka, na naamini alikuwa akingojea umwambukize. Haukumwambukiza. Baba hakuliendesha tena gari lile. Aliliuza vipande vipande, na kuku wakalala kwenye kilichobaki.

Niliisoma riwaya yenyewe nikiwa sekondari, Njombe. Humo gari linapita kijiji kisichomjua marehemu, na hakuna anayelia. Ukimya huo ndio uliomvunja moyo mwana, ndio uliomfanya asimamishe gari na kumlilia baba yake peke yake. Leo mimi pia naandika riwaya, na wenzangu wakikutana huzungumzia magari ya zamani ya vitabuni na kwenye filamu kama vile ni farasi wa uhuru: barabara ndefu, vumbi, dereva asiye na haraka. Nayapenda mazungumzo hayo. Lakini mimi nililelewa na gari lililoleta habari za mgonjwa, na ninapoliandika gari lolote, nasikiliza kwanza linakuja kwa mwendo gani.

Mwezi uliopita kijana mmoja, anayeandika makala kuhusu magari hayo, alikuja Njombe mjini, anakoishi mama sasa. Alisalimia kwa adabu, akanywa chai, akalisifu Pijo.

"Na wewe mama, uigizaji ule! Nani alikufundisha?"

"Hujaniuliza jina la mtoto."

"Mtoto yupi, mama?"

Mama akauliza, "Kile kilio kinaweza kutolewa mle kwenye filamu?"

Kijana alicheka kidogo, akidhani ni utani. "Pakitolewa pale, mama, filamu haipo. Watu wanaitazama kwa ajili ya pale."

Mama alichukua kikombe cha kijana kikiwa bado na chai, akaenda kufungua mlango. Kwetu mgeni husindikizwa hadi barabarani, hata aliyekukosea; ni aibu kumwacha atoke peke yake. Kijana alisimama kizingitini, akamtazama mama, kisha mimi. Sikuinuka. Akashuka ngazi, na mama akaufunga mlango nyuma yake.