Suva ya Mzazi

Sahani ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Pekeshe aliinua kawa akatazama. Pojo na viazi vimeanza kukauka juu, na majani ya suva yamechambuliwa yote na kusukumwa pembeni, kama mtu atoavyo mawe kwenye mchele. Hasira zikampanda.

"Huyu mtoto ataniua," akasema, ingawa jikoni hamkuwa na mtu, kuku tu.

Mtoto mwenyewe alikuwa Cynthia, binti yake wa pekee, mke wa watu huko Tarasaa, aliyekuja kwao Garsen kujifungua mimba ya kwanza kama ilivyo desturi. Alikuwa chumba cha pili na kichanga chake cha kike, arobaini haijafika hata nusu, na maziwa hayatoshi. Kichanga kinanyonya, kinalia, kinanyonya tena. Muuguzi alikipima akasema kinakua, lakini mama ale, ale sana. Na hapo kwenye kula ndipo palipokuwa na kazi.

Sasa, kama kuna jambo moja ambalo Pekeshe hakutaka kufundishwa na mtu, ni kumlisha mzazi. Alikuwa mpishi Malindi kwa Mama Mukta, Mhindi mwenye duka la vitambaa, tangu Cynthia akiwa mdogo wa kuachwa kwa nyanyake hadi juzi juzi tu, Mama Mukta alipohamia kwa wanawe Nairobi. Suva, mboga yao ya majani, ililiwa pale mwaka mzima, lakini binti wa nyumba ile akizaa, iliingia kila sufuria. Ilitiwa kwenye pojo, kwenye viazi, kwenye chapati, hata kwenye mtindi. Mama Mukta alishikilia kwamba ndiyo inayoleta maziwa, na Pekeshe aliwaona mabinti wale kwa macho yake wakila, wakinawiri, na watoto wao wakilala usingizi wa kukoroma.

Ndiyo maana alirudi kwao na mbegu za suva zimefungwa kwenye pindo la leso. Alizipanda nyuma ya nyumba, kwenye udongo mweusi wa mto, kusi ilipolipoza jua kidogo, akawa anazinyweshea kwa ndoo. Zikaota vizuri, majani membamba kama nywele, yenye harufu kali na tamu kwa pamoja. Ungedhani watu wangefurahi kupata mboga mpya. Wapi!

Harufu ile kila mtu alikuwa akiijua. Ni ile ile ya dawa ya chupa wanayopewa watoto wachanga tumbo likijaa gesi. Mzee Kiti, mumewe, alionja mchuzi wa kambare wa nazi ulionyunyiziwa suva, akaweka kijiko chini.

"Mama Cynthia, mimi siumwi tumbo."

Akawekewa mayai ya kukaanga yenye suva. Siumwi tumbo. Akawekewa viazi. Siumwi tumbo. Mtu mzima na mvi zake hana neno jingine. Pekeshe akamkomoa kwa ugali mkavu na chumvi. Mzee akaumaliza akashukuru, na shukrani yenyewe ikamuudhi Pekeshe kuliko matusi.

Majirani ndio waliomchosha zaidi, kwa sababu wao suva waliitaka. Kila mwenye mtoto mliaji alizunguka nyuma ya nyumba bila hodi, akachuma, akaenda kuchemshia mtoto. Pekeshe aliwapigia kelele kwamba hiyo ni mboga, inapikwa, inaliwa na watu wazima wenye akili zao. Walimwitikia vizuri sana, "Sawa mama," na kesho yake akawakuta tena wameinama pale pale.

Hata Sabdio, mama wa Kiorma aliyemletea maziwa asubuhi, alikuja siku moja amenuna.

"Mama Cynthia, hii majani yako mbuzi yangu imekula jana. Leo maziwa yake inanuka kama hospitali."

"Mbuzi wako kala suva yangu?"

"Kidogo tu. Lakini na wewe, kwa nini unapanda dawa bila boma? Mzazi mpe maziwa, mpe samli, basi. Sisi kwetu hatuhangaiki na majani."

Mtu kalishiwa shamba, na bado yeye ndiye anayelaumiwa! Pekeshe alikwenda kukata miiba akazungushia kile kilichobaki.

Kisha akaja mkwe wake, Mama Kaviha, mama wa mume wa Cynthia. Alishuka kwenye pikipiki, akamsalimia mzazi, akamwangalia mashavu, halafu akafunua sahani iliyokuwa kando ya kitanda bila kuombwa.

"Mkwe wangu, huyu hali."

"Anakula."

"Hali. Mimi Ijumaa nakuja kumchukua na mtoto. Nitamlisha mwenyewe, samaki na uji wa pilipili manga. Usione vibaya."

Vipi asione vibaya? Binti kutolewa kwao kabla ya arobaini! Habari ingefika hadi kijiji cha Kilelengwani kabla pikipiki haijafika Tarasaa, kwamba Pekeshe, aliyewapikia Wahindi miaka na miaka, kashindwa kumlisha mwanawe. Lakini si aibu iliyomkosesha usingizi. Ni kile kichanga. Alikipenda hadi akamwonea wivu hata nzi anayetua juu yake, na sasa kinachukuliwa.

Alhamisi alichuma suva yote iliyosalia. Aliroweka pojo, akakata viazi vidogo vidogo, akachemsha mafuta, akatia binzari nyembamba hadi ikalia, kitunguu saumu, manjano kidogo. Mashina laini ya suva yalitangulia, majani yakaingia mwisho, sufuria iko karibu kuteremshwa. Akamalizia na samli ya Sabdio. Alipika kama anayepikia kesi mahakamani.

Cynthia aliitazama sahani, akageuza uso.

"Lo!" Pekeshe akapasuka. "Nimekukosea nini mimi? Watoto wa watu nimewapikia chakula hiki hiki wakaramba sahani. Mwanangu mwenyewe ananichambulia majani!"

"Ndiyo hayo, mama. Watoto wa watu."

"Una maana gani?"

Cynthia alikuwa akilia tayari. "Ulikuwa ukija Krismasi, leso zako zote zanuka hivi. Nilikuwa nalala nimeikumbatia moja. Nikiamka, wewe umesharudi Malindi, imebaki harufu. Mpaka leo nikiisikia, tumbo langu lajua kwamba waondoka."

"Niondoke niende wapi? Mama Mukta si kahama?"

"Najua. Lakini hebu jitazame ulivyosimama."

Pekeshe alikuwa mlangoni, mikono imekunjwa tumboni, anangoja sahani.

"Tangu nije hujakaa ukala nami hata siku moja," Cynthia akasema. "Waleta chakula, wasimama hapo, waondoa vyombo. Mimi si tajiri yako, mama."

Majibu alikuwa nayo, tena makali. Nani aliyekuvisha? Nani aliyekusomesha? Badala yake akajitazama mikono, bado imekunjwa. Kwa kweli hakujua kwamba anasimama. Kwa Mama Mukta alikula peke yake, jikoni, wenyewe wakishashiba, na hapa nyumbani kwake alikuwa akifanya vile vile bila mtu kumwamuru.

Akakaa kitandani. Akakipokea kichanga, akakilaza mapajani, akanyoosha mkono kwenye sahani ya binti yake.

"Chumvi haijakolea," akasema.

"Imekolea." Cynthia akajifuta uso, akamega tonge ng'ambo ya pili. Akatoa jani, akaliweka pembeni.

"Usichambue!"

"Nachambua."

"Haya, chambua. Ila kula."

Ijumaa asubuhi pikipiki ilizima injini uani. Pekeshe na binti yake walikuwa mkekani, sinia katikati, wanabishana kama ugali umeiva. Mama Kaviha akapiga hodi mara ya kwanza, akapiga ya pili. Pekeshe, ambaye maisha yake yote aliikimbilia hodi mikono ikimtiririka maji, hakuinuka.

"Ingia tu, mkwe!" akaita kwa mdomo uliojaa. "Tuko ndani, twala."