Kwetu Ukiguswa Umetoka

Enzi zetu Katumba tulicheza kriketi, na anayebisha aje tubishane. Nasema hivi kwa sababu hivi karibuni nilimwambia kijana wa bodaboda hapa Mpanda kwamba nasafiri kwenda Dar es Salaam kumtazama binti yangu kwenye mashindano ya kriketi ya vijana wa nchi mbalimbali, akacheka mpaka pikipiki ikayumba. "Kriketi? Mama, si mchezo wa Wahindi ule? Sisi huku tunaujulia wapi?" Nilimwambia anishushe palepale, nikamalizia njia kwa miguu nikiwa nimefura kwa hasira. Kwa hiyo haya nawaandikia nyie wa rika langu, mliokulia kwenye vijiji vile vya makazi, mliokunywa uji wa shule kwenye vikombe vya plastiki vilivyotafunwa ukingoni. Nyie mnajua kwamba sidanganyi.

Kwa asiyejua, Katumba ni mahali walipopewa wazazi wetu walipokimbia mauaji Burundi. Walikuta msitu mtupu. Waliufyeka, wakalima mahindi, muhogo, maharage na tumbaku, wakatuzaa sisi hapohapo. Hatukuwahi kuiona nchi waliyoikimbia, lakini tuliitwa wakimbizi tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, hata kama ni kwenda Mpanda mjini kununua sufuria. Mtoto wa leo ukimwambia hivyo anakuuliza kwa nini hamkupanda tu gari mkaenda. Mimi huendelea kupepeta mchele wangu.

Ila msidhani tulikuwa watoto wa huzuni. Nani alikuwa na muda wa huzuni? Msimu wa tumbaku tulitoka shule moja kwa moja hadi chini ya kibanda, tukafunga majani kwenye fito kwa nyuzi mpaka vidole vikawa vyeusi na vichungu. Usingeweza kulamba mkono wako siku hiyo. Mabani ya kukaushia yakiwashwa moto, kijiji kizima kilinuka moshi na tumbaku tamu, harufu ambayo hadi leo nikikutana nayo nasimama. Mvua zikianza tulikwenda porini kuchuma uyoga, na mama aliupika kwa karanga. Mara mojamoja ilipita baiskeli yenye tenga la samaki, migebuka kutoka huko ziwani Karema, na siku hiyo nyumba zote zilikuwa na adabu, maana mtoto mtukutu alilishwa mchuzi tu.

Mchezo wetu wasichana ulikuwa rede. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa manailoni, wanaokaa katikati wanakwepa huku wanajaza mchanga kwenye chupa. Ukiguswa na mpira, umetoka. Hakuna rufaa, hakuna kulia. Vijana wa siku hizi wanacheza mpira kwa kidole gumba kwenye simu, wakishindwa wanalaumu mtandao. Sisi tulimlaumu nani? Mpira umekugusa, nguo ina alama ya vumbi, toka.

Nilipokuwa darasa la tano akaja Mwalimu Sanga, kijana mrefu mwenye miguu myembamba, aliyejifunza kriketi alipokuwa chuoni. Alikuja na gongo moja la kriketi na mpira mmoja mwekundu, mgumu kama kokwa. Gongo lile sisi tuliliita mwiko, maana lilifanana sawasawa na mwiko wa kusongea ugali msibani, na jina likashika hadi kwa walimu wengine. Alitupanga uwanjani alasiri moja, akachomeka fito tatu za tumbaku huku na tatu kule, akaeleza. Huyu anarusha, huyu anapiga, wawili wanapishana mbio, fito zikiangushwa umetoka, mpira ukidakwa hewani umetoka. Kesho yake akapata habari kwamba mama yake anaumwa, akasafiri kwenda kwao, akakaa huko muhula karibu wote.

Sasa fikirieni watoto wa Katumba wameachiwa mchezo ambao wameelezwa mara moja tu. Tulipokumbuka, tulicheza alivyosema. Tulipokuwa tumesahau, tulijazia kwa rede. Huku na huku wamesimama watu, katikati kuna anayetafutwa na mpira, si ni kitu kilekile? Hivyo kriketi yetu ikawa na sheria ambayo haimo popote duniani: mpira ukikugusa mwilini, begani, tumboni, popote, umetoka. Tulijifunza kutouogopa mpira unaokuja mbavuni. Kuukwepa hukuweza, maana ulikuwa huruhusiwi kwenda mbali na fito, kwa hiyo ilibaki kuupiga tu. Tulijifunza kuupiga hapo hapo karibu na kifua, kwa kugeuza kiuno, ukaenda zake kwenye mashamba ya muhogo. Mwalimu aliporudi akatukuta, akakaa chini akacheka machozi. "Huu sasa ni mchezo gani?" akauliza. Tukamwambia ni ule wake. Alisema ataturekebisha, lakini kila aliponiona nikiupiga mpira wa mbavuni aliahirisha, na sheria ikabaki.

Nami nilikuwa naupiga, acheni niseme mwenyewe. Wavulana walikuwa wananirushia mpira kwa hasira na bado unakwenda muhogoni. Data, yaani baba yangu, hakuupenda mchezo huo kwa sababu uliniharibia muda wa kufunga tumbaku, lakini siku moja nilimkuta amejibanza nyuma ya bani anachungulia. Alipoona nimemwona akajifanya anatafuta kuni.

Nikiwa darasa la sita, Mwalimu Sanga alileta habari. Kulikuwa na mashindano ya vijana wa nchi kadhaa Dar es Salaam, na wageni walikuwa wanazunguka mikoani kutafuta watoto wa kuingia kwenye timu ya taifa. Wangepita Mpanda. Mwalimu alihangaika akatupatia vibali sisi wachache, tukapanda juu ya magunia ya mahindi kwenye lori, tukaenda. Sikuwa nimewahi kutaka kitu maishani kama nilivyoitaka timu ile. Nilitaka kuvaa jezi. Nilitaka kuona bahari. Zaidi ya yote nilitaka mtu aseme jina langu kwa kipaza sauti na lisifuatwe na neno mkimbizi.

Uwanja ulikuwa wa shule moja mjini, umepigwa jua mpaka nyasi zimekuwa njano. Nilipewa mwiko, nikaanza. Mpira wa kwanza nikaupeleka ukutani. Iliyofuata nayo niliipeleka huko huko. Mgeni mmoja mwenye kofia nyeupe akamwita mwenzake aje kutazama, na Mwalimu Sanga nilimwona anatembea huku na huko kama mtu ambaye mkewe yuko leba. Kisha mpira mmoja ukaruka kwenye kishimo, ukanipata begani. Haukuniumiza sana. Nikaweka mwiko chini, nikaanza kuondoka.

"Rudi!" wakapiga kelele. "Rudi, hujatoka!"

"Nimetoka," nikasema. "Umenigusa."

"Kukugusa begani si kutoka, binti. Endelea kupiga."

Mimi nikaona wananibembeleza kwa sababu ni msichana, nikakasirika. "Kwetu ukiguswa umetoka," nikasema.

Yule mwenye kofia akacheka kwa upole kabisa. "Kwenu wapi huko?"

"Katumba."

Kicheko chake kikaisha. Hakuwa mtu mbaya, na hakunisemea vibaya. Alimwita Mwalimu pembeni wakazungumza muda mrefu, mmoja anaeleza kwa mikono, mwingine anatikisa kichwa. Timu ya nchi ni ya raia wa nchi. Ndivyo ilivyokuwa, na kofia nyeupe haikuwa na la kufanya. Wakachagua watoto wengine, na nakumbuka mmoja wao alikuwa hajaugusa mpira hata kwa bahati mbaya.

Kwenye lori wakati wa kurudi, Mwalimu Sanga alikuwa amekunja uso. "Ungesema Mpanda tu, Spesioza. Nani angekuuliza zaidi?" Nilirudi nyumbani nikamweleza Data maneno hayo yote nikilia. Alikuwa anakula muhogo wa kuchoma. Akauweka chini. "Oya," akasema, yaani hapana kwa Kirundi, na kwake haikuwa na rufaa. "Mtoto wangu hatafundishwa kukana pale anapolala. Kama hawaitaki Katumba, basi na wewe hawakupati." Nilimchukia wiki nzima. Leo ndiyo sentensi ninayoipenda kuliko zote alizowahi kusema.

Miaka ilikwenda. Tukapewa uraia, watu wakacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Data hakuwepo kuona, na hilo bado linanichoma. Mimi nilikuwa nimeolewa Mpanda mjini, nauza mchele sokoni, na binti yangu Goreti nilimfundisha kriketi uani kwa mwiko wa kweli wa ugali, nikimrushia limau. Nilimfundisha kwa sheria zetu. Alipokwenda kusoma sekondari Tabora akakuta kriketi yenyewe, yenye kofia za chuma, glovu na walimu wenye filimbi, wakamwambia mama yako amekudanganya, ukiguswa begani hujatoka. Alinipigia simu kunisema. Lakini mipira ya mbavuni yote walimwachia yeye.

Ndipo akachaguliwa. Nami nikapanda treni Mpanda, nikashinda dirishani nikila karanga na kuwasumbua abiria wote kwa habari za mwanangu, mpaka Dar es Salaam. Uwanja ule nilivyouona, nyasi zake zimenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Watoto wa leo wana maji ya rangi ya machungwa ya kunywa, wana mtu wa kuwanyoosha misuli kabla hata hawajachoka. Sisi tulinyooshwa na jembe. Bendera zilikuwa nyingi, zingine sizijui ni za wapi. Nikapata kiti mbele, nikajifunga kitenge vizuri, nikasubiri.

Goreti akaingia na mtangazaji akasema kwa kipaza sauti: "Goreti, kutoka Mpanda!"

Jamani. Damu ilinipanda. Nilijua lililotokea, au nilidhani najua. Nikawaza kuna mtu kamkalisha mwanangu chini akamwambia sema Mpanda tu, nani atauliza zaidi. Baada ya miaka yote hiyo! Nikasimama juu ya kiti na viatu vyangu vya kanisani, nikapiga kelele ambayo sikuwahi kuipiga hata nikijifungua: "Katumba! Andika Katumba! Huyo ni wa Katumba!" Watu wakageuka. Mlinzi akaja akaniomba nikae. Nikamwambia nitakaa wakisharekebisha. Huko katikati mwanangu alishusha kofia yake ya chuma usoni ingawa mpira ulikuwa bado haujaanza kurushwa. Kisha akapiga. Ukaja wa mbavuni, akageuza kiuno, ukavuka mpaka wa uwanja, na mimi nikawa nimesimama tena. Walishinda siku hiyo, kwa kubanana.

Jioni nilimkuta nje ya basi lao, jasho halijamkauka. Nilikuwa nimejiandaa. "Nani amekwambia uikane Katumba?" nikamuuliza kabla ya pongezi.

Akanitazama kana kwamba naongea lugha ya mbali. "Hakuna mtu, mama. Waliniuliza unatoka wapi, nikawaambia Mpanda."

"Kwa nini Mpanda?"

"Si ndiko ninakotoka?" Hakuwa na kiburi hata chembe. "Nimezaliwa Mpanda, nimesoma msingi Mpanda, rafiki zangu wako Mpanda. Katumba nakwenda Krismasi. Katumba ni kwako, mama."

Alikuwa amesema ukweli. Hakuficha kitu, hakuogopa kitu, aliulizwa swali akalijibu kama anayeulizwa saa. Mimi nililijibu swali hilohilo nikapoteza timu. Yeye halimuumi hata kidogo. Si ndicho tulichokitaka, jamani, tulipokuwa tunafyeka, tunalima, tunasubiri? Tulitaka watoto wasiulizwe mara mbili. Sasa hawaulizwi, na kwa kuwa hawaulizwi hawajui kulikuwa na nini hapo, na mimi nilisimama pembeni ya basi nikiwa na furaha na nikiwa na kidonda kwa wakati mmoja. Enzi zetu hatukuwa na nchi, lakini kila mtoto alijua kijiji chake na alikuwa tayari kukipigania. Hawa wana nchi nzima, na wanakaa ndani yake kwa raha, hata hawaigusi kuona kama ipo.

Nikamwambia amecheza vizuri. Akasema, "Asante, mama, ila kesho tafadhali ukae chini."

Kesho yake nilikwenda mapema, nikakaa. Mtangazaji akasema Goreti, kutoka Mpanda. Nikapiga makofi na wengine, nikiwa nimekalia kiti changu kama mtu mwenye adabu zake. Kisha nikamgeukia mama aliyekaa kulia kwangu, mgeni kabisa, hakuwa ameniuliza lolote. Nikamwambia yule ni mwanangu, ni wa Mpanda. Na mimi natoka Katumba.