Nilisingizia Makato Mapya, Nikamfukuza Nekesa

Nilikosa. Sitasema shetani alinipitia, maana ofisini siku hiyo hakukuwa na shetani. Nilikuwa mimi na tamaa yangu.

Mimi ni mama wa makamo. Nina kiwanda kidogo cha kusaga chakula cha ng'ombe hapa Kitale, upande wa kwenda Endebess. Wakati huo nilikuwa na wafanyakazi kumi na wawili. Nekesa, mzaliwa wa Bungoma, alikuwa amekaa nami miaka sita. Funguo za stoo alishika yeye. Watoto wangu walimwita anti.

Basi zikaja habari kwamba sheria za kazi zinabadilishwa, na makato ya akiba ya uzeeni yatapanda: mfanyakazi atoe sehemu yake, mwajiri naye atoe yake. Wenye biashara wote tukaanza kulia. Lakini mimi, hata kabla machozi hayajakauka, nikaona mwanya.

Nikawaita watu wangu uani. "Serikali imetubana. Kuanzia mwezi huu mshahara utapungua. Msinilaumu mimi."

Uongo mtupu! Viwango vipya vilikuwa bado havijaanza. Tena kwenye payslip, zile karatasi za mshahara nilizowagawia hapo hapo, niliwakata sehemu mbili, yao na yangu. Yangu, jamani!

Wakarudi kwenye mashine. Baada ya chakula cha mchana Nekesa akaja ofisini, akafunga mlango ili asiniaibishe mbele ya wenzake.

"Mama, samahani. Nimesikia kwa ledio ati hiyo makato bado. Na ya mwajili inatoka kwa mwajili mwenyewe."

"Hiyo redio ndiyo inakulipa?"

"Hapana, Mama. Lakini si ni wewe ulinifundisha kusoma payslip? Angalia hapa. Umetukata mala mbili."

Alisema kweli, na ule ukweli ukaniwasha kama upupu. Badala ya kuona haya, nikapandwa na hasira.

"Leta funguo. Uende!"

Ningeishia hapo, labda ningekuwa na afadhali. Lakini wenzake wangeuliza kwa nini ameenda, kwa hivyo nikatangaza kwamba magunia yamepotea stoo. Nikawapigia simu wafanyabiashara wenzangu wawili, nikawaonya wasimwandike. Maneno yakaenea mji mzima. Nekesa alibisha kila mlango Kitale, akafungiwa yote, akarudi kwao.

Wale kumi na mmoja hawakugoma. Walikuja kazini kama kawaida. Ila waliacha kunywa chai yangu! Kila saa nne sufuria inatolewa, chai inapoa, inamwagwa. Kila mtu akaanza kuja na chupa yake kutoka nyumbani. Siku tatu, wiki, wiki mbili. Mwishowe nikamuuliza Wanjala, fundi wa mashine, kuna nini.

"Mama, magunia tunahesabu sisi," akasema. "Hakuna gunia ilipotea."

Kesho yake nikaenda Bungoma. Nilimkuta Nekesa akipalilia shamba la watu kwa kibarua. Nikamwomba msamaha palepale kwenye matuta. Nikamwambia arudi kazini, na pesa zake nitamrudishia zote.

Hakuacha jembe. "Pesa ni ya watu wote, uludishie wote. Kazi sitaki. Mimi nataka jina yangu. Uliichafua Kitale, basi isafishe hapo Kitale."

Nilirudi nikijua la kufanya. Kwenye mkutano wa wafanyabiashara wa Kitale nikasimama.

"Nekesa hakuiba. Aliyeiba ni mimi. Niliwakata wafanyakazi wangu makato yaliyokuwa yangu kulipa, kisha nikamsingizia aliyeniambia ukweli."

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, kaa chini. Unatuharibia."

"Kwani na wewe unakata mara mbili?"

Akaangalia viatu vyake! Na si yeye peke yake.

Jioni hiyo wakanitoa kwenye kikundi cha WhatsApp. Wengine waliacha kununua kwangu. Mume wangu alisema nimemvua nguo hadharani. Sawa! Niiteni msaliti. Nilirudisha kila kilicho cha watu, na sehemu yangu nalipa kutoka mfukoni mwangu. Kiwanda bado kinasaga.

Nekesa sasa anasimamia stoo ya mtu mwingine Bungoma. Mwenye stoo alinipigia kumuulizia, nikamwambia kweli tupu: hutapata mwaminifu kumpita. Tukikutana Nekesa ananisalimia vizuri, lakini ananiita madam. Hilo linaniuma kuliko wateja wote waliohama.

Wewe mwajiri, sheria ikibadilika isome mwenyewe, ujue inaanza lini, ulipe sehemu yako. Usijifiche nyuma ya serikali kama nilivyojificha mimi. Watu wako wanajua! Wananyamaza tu kwa sababu wana watoto.

Na wewe mfanyakazi, itishe payslip yako, uisome mstari kwa mstari, uulize. Bosi akikasirika, akitaka kujua ni nani amekuchochea, mwambie ni mwajiri mwenzake wa Kitale.