Ijumaa ya Kaka Yangu

Baba alipofariki, neno la mwisho kwetu lilihamia kwa kaka yangu, kifungua mimba, ingawa anaishi California. Mimi niko hapa Eldoret. Ndimi ninayempikia mama, ninayempima sukari, ninayemwosha kidonda. Lakini mimi ni msichana, hata mvi zikinijaa kichwani.

Kidole chake cha mguu kilipoanza kuwa cheusi, daktari alisema kikatwe Ijumaa, kabla uozo haujapanda. Mama akakataa kuweka sahihi.

“Wacha kijana aseme kwanza.”

Kijana alikuwa anatumwa New Zealand na kazi yake, na alikuwa ameahidi kupiga simu Ijumaa bila kukosa. Basi tukangoja. Tukimpigia, simu imezimwa. Daktari alikuja, akaenda, akarudi. Baba mdogo, aliyeshuka kutoka Ainabkoi na gamubuti zake za shambani miguuni, akakunja mikono.

“Si alisema Friday? Friday bado haijaisha.”

Nikasema, nikarudia tena na tena, mimi nimekubali, nipeni hiyo karatasi. Hakuna aliyegeuza hata shingo. Jioni daktari akaenda zake, na siku yake nyingine ya upasuaji ilikuwa Jumatatu.

Kaka alipiga Jumamosi, mchangamfu kabisa.

“Sister, pole. Nilipanda ndege Thursday usiku, nikashuka Saturday asubuhi. Katikati ya bahari kuna line, ukiivuka siku inarukwa. Friday yangu haikuwepo.”

Huo mstari naujua, niliufundishwa shuleni. Watu waliuchora Pasifiki ili kalenda zao zisigongane: anayeuvuka kwenda magharibi huruka siku, anayerudi huirudia ile ile. Sawa. Lakini hiyo ni kalenda ya abiria. Kwetu jua la Ijumaa lilichomoza, likatua, na uozo haukupumzika. Na tiketi si alikuwa nayo mkononi akituahidi? Nikakata simu.

Jumatatu walikata mguu chini ya goti.

Sasa baba mdogo anawaambia wageni ni mambo ya ndege. Mama naye anamhurumia mwanawe: maskini, alipoteza siku nzima. Juzi nilishindwa kuvumilia, nikiwa nimepiga magoti nikimfunga bandeji.

“Mama, mimi sikupoteza siku. Ijumaa nilikuwa hapo kando yako.”

“Najua,” akasema. “Lakini wewe ungesema nini?”

“Nilisema, mama. Nilisema mchana kutwa.”