Siku Mzee Mwinshehe Alipokufa kwa Kidole

Hapana, Salma, usimlaumu Mzee Mwinshehe. Najua una hasira kwa sababu ya viatu vyako (utaletewa, amevipangusa vumbi mwenyewe, nimemwona), na uliposema pale mlangoni kwamba yule mzee ndiye aliyenifungia njia ya Amerika nilinyamaza tu kwa sababu baba alikuwa karibu, lakini siyo kweli. Aliyeharibu ni mimi Kabula, kwa mdomo wangu mwenyewe, tena kwa kile Kiingereza changu nilichokuwa najivunia toka bwenini, na aibu niliyoipata leo nadhani imefika mpaka Kilosa mjini kabla yangu. Ndiyo maana naandika yote hapa, ukija kesho usinikute mama atakupa usome, maana ukiwauliza watu wa kambini kila mmoja atakupa habari ya kwake.

Basi unajua nilivyoingoja siku hii. Tangu Bwana Mganga wa dispensari yetu hapa Rudewa aliponiambia kuna hospitali moja huko Amerika inachukua vijana wa kusaidia kazi ya maabara, wanakwenda kwa ile viza ya wageni wa kubadilishana, yaani unakwenda, unafanya kazi na kujifunza, halafu unarudi kwenu na ulichokipata, mimi nilikuwa silali. Kuosha vioo, kupaka damu, kuitia dawa ya rangi, kuangalia malaria kwenye darubini, yote nayafanya hapa hapa na manamba, vibarua wa shamba la mkonge wa kambini kwetu, kwa nini nisiyafanye huko? Niliandika, wakajibu, na leo daktari wao mwenyewe, mama mmoja mrefu mwenye kofia ya majani, ndiye alikuwa anakuja kuniona nikifanya kazi, na nafasi ni moja tu.

Asubuhi nikavaa gauni la kanisani, nikavaa viatu vyako (vilinibana, sikukwambia), nikatoka mapema. Pale kwenye jiwe la kunolea mapanga nikamkuta Mzee Mwinshehe. Wewe siyo wa kambini kwetu kwa hiyo nikueleze, huyu ni Mzaramo na sisi Wanyamwezi, watani kabisa, na tangu nikiwa mdogo ananiita mke wake, kila siku nikipita lazima nimpe shikamoo yake kwanza kwa heshima zote, akishaitikia marahaba ndipo matusi yanaanza.

Nikasema shikamoo huku natembea. Akaitikia marahaba, halafu akapaza sauti, "Ee, mke wangu! Viatu hivyo umeiba wapi? Nyie mlifika pwani na mizigo kichwani na miguu mitupu, leo Mnyamwezi anatembea kama anakanyaga mayai!"

Siku nyingine ningemjibu kwamba bora sisi tuliobeba mizigo, wao Wazaramo hawajawahi kubeba kitu kizito kuliko ngoma. Ningemaliza, angecheka, ningepita. Lakini leo kichwa changu kilikuwa kimeshafika Amerika, nikajiona msomi, nikamwambia bila hata kugeuka, "Mzee, leo sina utani."

Ndilo hilo tu, Salma. Maneno machache. Mtu unaweza kumwambia mtani wako mchawi, unaweza kumwambia ananuka, atafurahi, lakini kumwambia huna utani ni kama kumwambia humjui. Nikasikia panga limeacha kunolewa nyuma yangu. Nikaendelea na safari.

Daktari akafika na Landrova, akanisalimia vizuri, akakaa pembeni na kalamu yake, akasema nifanye kama siku zote, yeye anaangalia tu. Bwana Mganga akaita mgonjwa wa kwanza wa kupimwa damu. Unadhani aliingia nani? Mzee Mwinshehe, amejifunga shuka mpaka kifuani, anatetemeka kama ana homa ya wiki nzima, na nyuma yake dirishani wamejaa kina mama wa Kizaramo waliokuja kliniki na watoto wao, Mama Zaina yuko mbele.

Nikajua. Bwana Mganga naye akajua, akageuka upande akajifanya anahesabu chupa. Sasa ningefanya nini? Kumfukuza mgonjwa mbele ya daktari? Nikamshika kidole, nikakipangusa kwa spiriti, nikakidunga sindano kidogo tu, tone likatoka, nikalikinga kwenye kioo, na kabla sijakiweka chini mzee akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia, akaanguka chali sakafuni, akanyoosha miguu, akafumba macho.

"Kaniua! Mke wangu kaniua!"

Mama Zaina akaanza pale dirishani, "Uwiii! Mnyamwezi kaua mume! Jamani, kaua mume apate njia ya Ulaya!" Na wenzake wakapokea, wengine wamejitupa chini, wengine wanacheka huku wanalia, mmoja akaanza kutaja sifa za marehemu (nyingi za uongo, ati alikuwa mchapakazi). Daktari wa watu kapiga magoti, anamshika mzee mkono, anatafuta mapigo, ananiuliza umempa nini huyu, umempa nini? Nikasema hajafa, ni mzima, anacheza tu. Akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa.

Kumbe kilio kimeshavuka kambi kimefika kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge, na wale wa kule hawajui kama ni utani, wao wamesikia tu msiba dispensari. Ukikaa hapa unaizoea sauti ya korona mpaka huisikii tena. Leo niliisikia iliponyamaza. Watu wakaanza kumiminika na nguo zao za kazi, wamelowa maji ya mkonge, wazee wa Kibena wamevua kofia kabisa, na nyuma yao bwana meneja, yule Mgiriki, uso mwekundu kama nyanya.

"Nani amekufa?" akapiga kelele.

Mzee Mwinshehe akajibu pale pale chini, macho kafumba, "Mimi, bwana."

Wacha watu wacheke! Hata wale Wabena. Mimi nikamwambia mzee ainuke, akasema maiti hainuki mpaka ikombolewe kwa kitu, ndiyo desturi ya watani. Nikamwambia nitakukomboa jioni. Akasema jioni ataanza kuoza. Nikasimama nimekunja mikono, nikasema sitoi kitu, na hapo ndipo bwana meneja akanijia karibu kabisa. "Wewe mpe anachotaka, watu warudi kazini! Sasa hivi!"

Mzee akafumbua jicho moja, akaangalia miguu yangu chini ya meza. "Viatu," akasema.

Nikavivua, Salma. Mbele ya daktari, mbele ya meneja, mbele ya kambi nzima, nikavua viatu vyako nikampa, na soksi moja ilikuwa na tundu. Akainuka amevikumbatia, kina mama wakapiga vigelegele, watu wakaanza kurudi kazini wanapigana makofi ya mgongo, na ingekuwa nimeishia hapo mambo yangekwisha salama, kwa sababu daktari alikuwa ameanza kutabasamu, Bwana Mganga alishaanza kumweleza habari za utani.

Lakini mzee akageuka mlangoni akasema, "Nenda Amerika, mke wangu, ukirudi utanikuta."

Sijui nini kilinipanda. Nilitaka kumwambia neno la kumuumiza, lakini nilijua nikilisema kwa Kiswahili kina mama watalisikia, litafika kwa mama yangu. Nikalisema kwa Kiingereza, makusudi, nikijua hakuna mtu wa kambi atakayelielewa: siku nikiondoka hapa sirudi tena, sirudi kwa watu kama ninyi, hata mkifa kweli.

Hakuna mtu wa kambi aliyeelewa. Mzee alitabasamu na kunipungia kiatu. Aliyeelewa, ukimtoa Bwana Mganga, ni yule daktari.

Nikavua na soksi, nikamaliza kile kioo miguu mitupu. Nikakitia rangi, nikakiangalia, hakikuwa na malaria, daktari naye akaangalia akasema kazi yangu ni safi sana, mikono yangu imetulia. Kisha akafunga kalamu. Akasema polepole (hakuwa na ukali hata kidogo, ndicho kilichoniuma), "Umesema hutarudi." Nikasema nilikuwa na hasira. Akasema, "Viza hii ni ya mtu anayerudi. Mimi ndiye ninayeweka sahihi kwamba utarudi. Sasa niweke vipi?" Akaniambia leo analala Mikumi, anataka kuona tembo, kesho mchana anaendelea Iringa, nikipata jibu nimpelekee kabla hajaondoka, la sivyo nafasi atampa mwingine.

Jioni ulipoondoka, Mzee Mwinshehe akaja kwetu. Akasalimiana na baba, akakaa, hakuniita mke wake. Akaniuliza, "Kile Kizungu chako ulisema nini? Yule mama alibadilika uso."

Nikatafuta uongo nikaukosa. Nikamwambia kwa Kiswahili, neno kwa neno, hata lile la mkifa kweli, nikiwa naangalia mkeka. Baba akaacha kula.

"Mwanangu," mzee akasema (hajawahi kuniita hivyo), "si ungenitukana tu? Mimi nilikuja pale unitukane."

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe. Lakini nikuulize. Huko unakokwenda utampata wapi mtu wa kukufia bure, kwa kidole tu?"

Baba akachekea puani, mimi nikalia, na nikaona kwamba sijawahi hata siku moja kujiuliza kama nitarudi. Nilikuwa najiuliza kuondoka tu. Nikakaa nje peke yangu nikajiuliza sasa, kwa utaratibu, bila haraka (mimi!), na jibu nililolipata, kwamba nitarudi, ni la kweli, sijalitunga kwa ajili ya sahihi ya mtu.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya king'ora cha korona, nitasimama njia panda na Mzee Mwinshehe tudandie lori la mbao linalokwenda Mikumi. Baba ameruhusu. Siendi naye ili anitetee. Nitamkalisha mbele ya yule daktari, nitamwomba daktari aniulize tena swali lake, na nitalijibu kwa Kiswahili kwanza, mzee asikie, ndipo nitalitafsiri.