Nani Aanze Kucheka

Kicheko cha darasa zima kilinifikia nikiwa bado barabarani, mtoto mchanga mgongoni, vumbi la Butembo limejaa kwenye kitenge. Nikachungulia dirishani. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa amepiga mlango wa bati kwa rula, paa! Binti yangu Masika, ambaye mwaka jana alisikia risasi za kweli kule upande wa Beni tulikotoka tukikimbia, alikuwa chini ya benchi, ameziba masikio. "Mumeona?" mwalimu akawaambia wanafunzi wengine. "Panya yetu ya Beni imeingia mu shimo!" Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza nilinyamaza, ya pili nilimwomba kwa adabu. Safari hii niliingia bila kubisha, nikamvuta mtoto wangu kutoka chini ya benchi, na gauni lake lilikuwa limelowa mkojo. "Mama Masika, ni ya kuchekesha tu," mwalimu akasema. "Ni ya kuwatosha batoto stress, iwatoke." Nilimjibu neno ambalo siwezi kuliandika hapa.

Mimi mtu asinifundishe habari ya kucheka. Nilikuwa na miaka tisa nilipokimbia vita mara ya kwanza, tulipotoka Mutwanga tukaja Butembo kwa shangazi Kavira, dada mdogo wa baba. Nakumbuka baridi, moshi wa mikaratusi ulioingia mpaka kwenye nywele, na mvua ya alasiri ikipiga bati huku sisi wote tumejibana sebuleni tukiambua maharage. Baba alikuwa amekimbia na pampu ya baiskeli mkononi. Baiskeli yenyewe aliiacha imeegemea ukuta. Shangazi aliiona pampu ile siku ya kwanza, akaitundika kwenye msumari. Ilipita kama wiki mbili, baba hali chakula vizuri. Halafu siku moja akaitazama pale ukutani, midomo ikamcheza, akasema, "Mais, lakini mie nilikuwa mujinga namna gani?" Ndipo shangazi akamrukia: "Yaya, kaka yangu, ulikuwa unataka kupompa nini? Njia?" Baba alicheka mpaka akaweka sahani ya maharage chini. Mama naye alicheka, huku machozi yanamtoka. Jioni ile baba aliomba chakula mwenyewe.

Nikadhani nimeelewa. Kila mgeni aliyefika nilimuuliza alibeba nini, na wengi walicheka wenyewe: mmoja alikuja na kifuniko bila sufuria, mwingine na kalenda ya mwaka uliopita. Kisha akaja mama mmoja, ameloa, hana mtu. Hata chai hajanywa, nikamuuliza, "Na weye mama, ulibeba nini?" Akafungua kitambaa polepole. Ndani mlikuwa na viatu viwili vidogo vya plastiki, vya buluu. Nami, kwa kutaka sifa, nikasema kwa sauti ya shangazi: "Ulikuwa unataka kuvalisha nani? Njia?"

Hakuna aliyecheka. Yule mama alikifunga tena kitambaa chake, fundo moja, fundo la pili. Mwanawe Kambale alikuwa amempotea njiani, na hakupatikana.

Shangazi hakunipiga, na mpaka leo naona ingekuwa afadhali angenipiga. Alinitoa nje, tukasimama chini ya bati, maji yanatumwagikia miguuni. "Ile ya baba yako, yeye mwenyewe alianza," akasema. "Ya huyu mama, hapajaanza mutu. Utangojea. Na kama haianze hata siku moja, utangojea tu." Nikarudi ndani, nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Yule mama akanigusa kichwa.

Alikaa nasi msimu mzima. Siku moja tukianika nguo, akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba Kambale alikuwa hajui kiatu cha kulia na cha kushoto, anavivaa kinyume, anatembea kama bata anayekwenda misa. Akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya kukisikia, kimechanika katikati. Shangazi alimshika mkono, akacheka naye kidogo, si kwa kumzidi. Mimi niliendelea kukamua shati.

Katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyemaliza sekondari. Leo namkuta mwenye diploma, chaki mkononi, anamchekea mtoto ambaye bado anatetemeka. Mkurugenzi wa shule naye, nilipokwenda ofisini kwake, aliniambia, "Mama, tulia, mwalimu wetu ni mucheshi." Nikamwomba karatasi. Niliandika nimesimama, mtoto analia mgongoni, na nikadai nakala yangu ipigwe muhuri. Niliandika hivi:

"Bwana Mkurugenzi, mimi mama yake Masika wa darasa la tatu namshtaki mwalimu wake. Mara tatu amemtisha mtoto wangu kwa makusudi ili wenzake wamcheke, na amemwita panya. Nataka aache. Nataka amwombe msamaha mbele ya darasa lile lile, kwa sauti ile ile. Mtoto wangu hajacheka tangu tufike Butembo, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuanza kucheka kwa niaba yake. Sitamtoa shuleni, ana haki ya kusoma. Mpaka nipate jibu lako kwa maandishi, kila asubuhi nitaketi naye kwenye benchi lake."